Injini ya boti inazima katikati ya maji: anzia kwenye tanki

SWALI: Nina mashua hapa Usenge, navusha abiria na mizigo kwenda Mageta. Injini yangu ni ya farasi 40, ile ya kuchanganya petroli na oili. Asubuhi inawaka bila shida, na nikienda polepole inatulia. Nikishaiachia moto, baada ya dakika kumi hivi inalegea, inakohoa, kisha inazima. Nikingoja kidogo inawaka tena, halafu mambo ni yale yale. Mafundi wawili wamefungua kabureta na kuiosha, wa pili akaweka na plagi mpya. Sasa naambiwa ninunue kabureta nyingine. Ninunue?

JIBU: Usinunue bado, ndugu yangu. Na kabla ya mengine yote, acha kuilazimisha. Injini ya mipigo miwili hupata oili yake ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na hapo ndipo pistoni huungua na kukwama ndani ya silinda. Injini za namna hiyo huletwa kwangu hapa Kisumu, na mwenyewe husema ilikuwa inakohoa tu. Kuanzia leo ikianza kulegea ukiwa kwenye mwendo, punguza moto papo hapo, usiongeze.

Maelezo yako yananiambia mengi. Injini iliyokatikiwa na umeme huzima kwa mkato mmoja. Yako inalegea na kukohoa kwanza, na hiyo ni njaa ya petroli. Ikienda polepole haimalizi hata lita 2 kwa saa, lakini ukifungua moto wote inapita lita 15. Ndiyo maana njia ya petroli inaweza kuziba nusu na usijue lolote mpaka utoke ufuoni. Zile dakika kumi nazo zinanielekeza kwenye tanki. Petroli iliyo ndani ya bakuli la kabureta ni kidogo sana. Kabureta ingekuwa imeziba, injini ingelegea mara tu unapoongeza moto, isingengoja dakika kumi.

Kwa hiyo anza na kifuniko cha tanki. Juu yake kuna skrubu ndogo ya kupitisha hewa. Petroli inapotoka, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, pampu inavuta, inavuta, mpaka inashindwa, kama mtoto anayenyonya soda kwenye chupa bila kuachia pumzi. Ukizima na kungoja, hewa hujipenyeza kidogo kidogo, na injini inawaka. Hiyo skrubu huwa imefungwa kabisa, au imefunguliwa lakini tundu limejaa kutu na magamba ya samaki. Siku nyingine ikianza kulegea, legeza kifuniko chote. Ukisikia hewa ikiingia kwa mlio na injini ikapata nguvu, tatizo umelipata na hujatumia hata shilingi.

Kama si hilo, tazama ule mpira wa kubinya ulio katikati ya paipu. Mwambie mwenzako aushike wakati injini inapoanza kulegea, akueleze hali yake. Ukiwa umenywea, umebanana kama uliofinywa, kizuizi kiko kati yake na tanki: ni ile hewa isiyoingia kwenye tanki, au kichujio kidogo kilicho mwisho wa mrija ulio ndani ya tanki, ambacho huziba kwa uchafu na nyuzi za matambara. Ukiwa laini na haukazi hata ukibinywa mara nyingi, kuna mahali paipu inavuta hewa, au vali zake za ndani zimechoka. Ukiwa mgumu na injini bado inazima, basi petroli inafika mpaka pale, na shida iko mbele: filta, pampu, au kabureta. Na kama injini inaendelea vizuri kwa kuwa mwenzako anabinya bila kuacha, shuku pampu ya injini au hewa inayoingia kwenye paipu.

Hewa ndiyo inayowasumbua mafundi wengi, kwa sababu haionekani. Injini ikiwa inavuta, penye ufa petroli haitoki, ni hewa inayoingia. Kwa hiyo ukitafuta tone la petroli hutalipata. Zima injini, binya mpira mpaka ukaze, kisha pitisha vidole kavu kwenye kila kiungo kuanzia mpira hadi injini. Sasa petroli inasukumwa kwenda nje, na penye ufa vidole vitalowa. Angalia zaidi zile pete za mpira ndani ya kiunganishi kinachochomekwa kwenye injini. Ni ndogo, ni za bei ndogo, na zikikatika husumbua kuliko kabureta. Kama viungo vya paipu yako vimefungwa kwa blada au waya, vitoe, uweke klipu za chuma. Blada huoza upesi kwa petroli na jua.

Paipu yenyewe pia inadanganya. Nje inaweza kuonekana nzima, kumbe utando wa ndani umebanduka na unajikunja injini inapovuta kwa nguvu. Huwezi kujua kwa macho. Dawa rahisi kuliko zote ni kuazima tanki na paipu ya jirani mwenye injini ya kuchanganya oili na yenye kiunganishi kama chako, na petroli yake humo humo. Usiende mbali: zunguka karibu na ufuo, uwe na makasia na jaketi za kuokolea. Injini ikikimbia bila kukohoa, umejua kwamba ugonjwa uko nje ya injini, na hakuna sababu ya mtu kugusa kabureta tena. Nasema hivyo kwa uchungu, maana nimeona jeti, yaani vile vipande vyenye tundu la kupimia petroli ndani ya kabureta, zilizochokonolewa kwa waya wa breki ya baiskeli mpaka tundu likapanuka. Hiyo kabureta sasa inahitaji jeti mpya kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Kisha kagua petroli. Mimina kidogo kutoka chini ya tanki ndani ya chupa angavu, uiache nusu saa. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utaona mstari. Huingia kwa mvua, kwa mawimbi, na kwa umande wa usiku ndani ya tanki lililoachwa nusu. Kuhusu petroli iliyotiwa mafuta ya taa, serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuzuia uchakachuaji, lakini anayenunua kwenye chupa ufuoni bado ajihadhari. Dondoshea karatasi tone moja kabla hujachanganya oili. Petroli safi hukauka bila kuacha doa.

Oili iwe ya injini za boti za mipigo miwili, yenye alama TC-W3, si ile ya bodaboda. Kama kitabu cha injini kinasema 50 kwa 1, basi lita 20 za petroli zinapata mililita 400. Tanki litoe nje ya mashua unapolijaza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala sakafuni mwa mashua, na kama chombo hicho hicho usiku kinawasha karabai za omena, hapo pana moto wa kuua watu.

Pampu ya injini ina utando mwembamba unaocheza kwa msukumo wa injini yenyewe. Ukitoboka au ukikakamaa, petroli haifiki ya kutosha. Utando na gasketi zake vinauzwa kama seti, na kuubadilisha ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mtulivu.

Jambo jingine dogo: ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Injini iliyopangwa kwa bahari hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake huku. Ulegevu wa kawaida wa siku zote usiuchanganye na huu wa ghafla. Wenzetu wa Naivasha, walio juu zaidi, huhisi upungufu huo zaidi yetu.

Ukishamaliza haya yote na injini bado inazima ikiwa na tanki la jirani, tazama yale maji yanayotoka kando ya injini. Yakiwa hafifu, huenda gugumaji limeziba matundu ya kupozea na injini inapata joto kupita kiasi. Maji yakiwa sawa, mwambie fundi apime cheche papo hapo injini inapozima, ikiwa bado moto, kwa sababu koili iliyochoka hufanya kazi ikiwa baridi na hushindwa ikipata joto.