Nauli, kadi na ruhusa viko mkononi mwa nani?

Barua zenu za wiki hizi zina sura moja. Kijana anaumwa, lakini anayeniandikia ni mama, kaka, nyanya, shangazi. Pale anapoandika kijana mwenyewe, haulizi dawa, anauliza atawapitaje watu wa nyumbani. Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili kwa miaka 19 na naelewa. Kwetu kijana haendi kliniki, anapelekwa. Anayempeleka ndiye mwenye nauli, ndiye anayetunza kadi ya bima, na mara nyingi ndiye anayemjibia daktari. Nimejibu barua sita nikilikumbuka hilo.

Shikamoo Sista. Nina miaka 17, nipo kidato cha nne, Tabora. Tangu mwezi wa pili silali, nasoma lakini hakuna kinachoingia, nalia bila sababu. Mama anasema ni uvivu, nizidishe kusali. Naweza kwenda hospitali bila wazazi kujua?

Marahaba, mwanangu. Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 wewe ni mtoto mpaka utimize miaka 18, kwa hiyo ukifika hospitali watataka mzazi au mlezi aridhie kabla hujaanzishiwa dawa. Lakini kuzungumza na mwalimu wa malezi na unasihi hapo shuleni hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kupiga 116, simu ya watoto, vilevile, na ni bure. Anzia hapo, hata kesho.

Ila nisingependa uishie hapo. Hali kama yako haitibiwi kwa siku moja. Utarudi kliniki mara nyingi, na kurudi kwa kujificha kunamchosha hata mtu mzima. Kwa hiyo tumrudie mama. Ulimwambiaje? Wengi wenu huanza na "nina mawazo", na kwa mzazi neno hilo ni dogo. Kodi ya nyumba ni mawazo, ada ni mawazo. Mwambie kinachoonekana: "Mama, jana nimelala saa mbili tu, juzi pia. Sketi ya shule imenipwaya. Mtihani wa hesabu nilipata 70, sasa 31."

Kuna mama alimleta binti yake kwetu kwa sababu hali chakula. Kila tulichouliza alijibu yeye: analala vizuri, anasoma vizuri, ni chakula tu. Binti alikuwa anafungua na kufunga kifungo cha sweta ya shule, kilekile kimoja. Nikamwomba mama atusubiri kwenye benchi nje. Mlango ulipofungwa, binti akasema, "Sista, usimwambie kama nimelia," ndipo akalia. Ilikuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito unaotibika, na alitibiwa. Mama yake hakuwa mbaya. Alikuja kwa ajili ya chakula kwa sababu hicho ndicho alichokiona.

Mama akikataa tena, tafuta mtu ambaye yeye humsikiliza: mama mdogo, shangazi, mke wa mchungaji. Usimwombe akutibu, mwombe akusindikize. Na usijione wa ajabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa la wanafunzi 50 hao ni kama saba, na kila mmoja pengine anadhani ni yeye tu.

Mwanangu ana miaka 20, amerudi kutoka chuo mwaka wa kwanza. Anaongea peke yake, hataki dirisha lifunguliwe, anasema kuna watu wanamsikiliza kupitia simu. Mimi nataka hospitali. Kaka yangu mkubwa anasema huu ni mkono wa mtu, na mganga amekwishalipwa. Yeye ndiye aliyemsomesha. Nifanyeje bila kuvunja ukoo? (Baba, Mbeya)

Pole sana baba. Naijua hiyo hali ya kuwa mzazi huku neno la mwisho likiwa la mwingine.

Usiitishe kikao cha kubishana kama uchawi upo au haupo. Mtakesha, na kijana yuko chumbani hajala. Omba jambo moja: "Kaka, tumpime kwanza." Hospitali itaanza na mwili. Itapima malaria, itapima VVU, itauliza kuhusu bangi na pombe, itauliza kama aliwahi kuumia kichwa, kwa maana yote hayo yanaweza kumfanya mtu asikie sauti. Kaka hawezi kupinga kipimo cha malaria.

Halafu mwombe aje mwenyewe. Mtu aliyelipa ada ana haki ya kumsikia daktari kwa masikio yake, na akirudi nyumbani atasema "tuliambiwa", si "aliambiwa". Mkumbushe pia kuhusu chuo. Kijana akipotea darasani bila taarifa, nafasi yake iko hatarini. Akiwa na ripoti ya daktari anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa. Karatasi hiyo mganga hana.

Huenda pia kaka anaogopa Mirembe. Watu wengi wakisikia "hospitali ya akili" wanaiona Dodoma, lango na miaka. Wengi tunaowatibu hawafiki Dodoma kabisa. Wanahudhuria kliniki katika hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, wanachukua dawa, wanarudi kulala kwao.

Sina ugomvi na anayemwombea mgonjwa, awe shekhe au mchungaji. Wengine ndio wanaotuletea. Lakini kama ukoo utang'ang'ania kwenda huko, wewe baba simama kwenye haya: asifungwe kamba wala mnyororo, asinyimwe chakula na maji, asichanjwe kwa wembe uliokwisha kutumika, asiachishwe dawa. Nimewapokea vijana waliozungushwa kwa waganga watatu na kambi ya maombi, wakafika kwetu mwaka wa pili wakiwa na makovu vifundoni. Ugonjwa wa sauti na shaka ukianza katika umri huu, kila mwezi unaopita bila matibabu unazidisha ugumu wa kupona. Usingoje mavuno. Na akianza kutishia kujidhuru au kumdhuru mtu, hakuna kikao tena, ni hospitali siku hiyohiyo.

Dada yangu ana miezi minne anameza dawa za sonona. Sasa anacheka, anapika, amerudi kazini. Baba anasema amepona, aache "kuzoea madawa". (Kaka, Dodoma)

Asiache. Anacheka kwa sababu dawa inafanya kazi. Kawaida tunaendelea miezi sita au zaidi tangu mgonjwa apate nafuu, kisha daktari anapunguza kidogo kidogo. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi ukapotea, na ugonjwa wenyewe ukarudi. Dawa za sonona kama fluoxetine hazimfanyi mtu awe teja, na hilo ndilo nadhani baba analoliogopa. Mwende naye siku ya kliniki aulize.

Binti yangu ana miaka 21, anatibiwa ugonjwa wa hofu. Mwezi ujao inakuja posa. Dada zangu wanasema asikanyage kliniki mpaka ndoa ipite, asije akaonekana. (Mama, Tanga)

Mama, nakuelewa kuliko unavyodhani. Watu wa posa wanapeleleza. Wanauliza kama katika ukoo kuna kifafa, kuna ukichaa, na jibu la jirani mmoja linaweza kuwarudisha njiani. Aibu hii hamkuitunga ninyi.

Lakini nikusimulie. Mama mmoja alihamisha vidonge vya binti yake kutoka bahasha ya hospitali akavitia kwenye kichupa cha vitamini, wageni wasijue. Bahasha yenye maelekezo akaitupa. Baada ya wiki hakuna aliyekumbuka kama ni kimoja usiku au viwili. Binti akameza zaidi ya kiasi, wakatuletea amelegea, ulimi mzito. Alipona, lakini ile siri ilijulikana mtaa mzima kwa safari moja ya bajaji.

Kama tatizo ni kuonekana, tulitatue hilo lenyewe. Ongea na muuguzi wa kliniki. Pengine daktari ataona binti ametulia na atampa dawa za muda mrefu zaidi. Pengine atamwandikia rufaa ahudhurie wilaya nyingine, na anayejua awe shangazi tu. Mhudumu haruhusiwi kutoa habari za mgonjwa kwa mtu wa posa, hata akijitambulisha kama mjomba.

Na binti mwenyewe anasemaje? Katika barua yako hayumo. Yeye ndiye atakayelala nyumba moja na huyo mume, na dawa zake zitakuwa humo. Muulize kama anataka mchumba aambiwe, na aambiwe na nani. Mimi ningeshauri aambiwe kabla ya mahari. Akikimbia, afadhali akimbie sasa kuliko binti akiwa na mimba.

Mjukuu wangu wa kiume ana miaka 15, namlea mimi, Mombasa. Mama yake yuko Muscat, kazi za nyumbani. Nimeona anajikata mkono kwa wembe. Nikimpigia mamake asema nimnyang'anye simu, hiyo ndiyo yamharibu.

Shikamoo nyanya. Usimpige wala usimwaibishe mbele ya nduguze. Muulize taratibu, mkiwa wawili: "Unataka kufa?" Kuuliza hakumtii wazo. Wengine hujikata kupunguza maumivu ya moyoni bila kutaka kufa, wengine wanataka, na utajua kwa kuuliza tu. Akisema anataka, mpeleke leo na usimwache peke yake. Katika hospitali ya Port Reitz hapo Mombasa pana kitengo cha afya ya akili. Wewe ndiye unayeishi naye, nenda naye kama mlezi. Beba cheti chake cha kuzaliwa na namba ya mamake, mhudumu ampigie kutoka palepale. Mama aliye mbali, anayetuma pesa kila mwezi, anaogopa kusikia kuwa mtoto anaumia kwa sababu yeye hayupo. Akisikia kutoka kwa daktari hatasikia lawama.

Mpwa wangu, miaka 19, alikunywa dawa ya shamba. Hospitali tulisema alikosea chupa, tukiogopa polisi. Ametoka, na kaka yangu amekataza mtu yeyote kulitaja. (Shangazi, Geita)

Ahsante kwa kuniandikia, najua haikuwa rahisi. Hofu yenu ina mzizi. Kanuni ya Adhabu yetu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho mpaka Mahakama Kuu ilipokitangua Januari 2025. Sheria ya namna hiyo inazifundisha familia kudanganya, na mimi naipinga waziwazi. Tazama ilivyowagharimu: waliosikia "alikosea chupa" walisafisha tumbo wakamruhusu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Miezi ya kwanza baada ya kujaribu ndiyo ya hatari zaidi. Kwa hiyo leo, kabla ya kumshawishi kaka, ondoa dawa zote za shamba hapo nyumbani. Zifungiwe kwa jirani, funguo akae nazo mtu mwingine. Sri Lanka walipiga marufuku zile sumu kali za shambani, na vifo vya kujiua vikapungua sana, ingawa shida za watu hazikuisha. Wazo la kufa mara nyingi huja kwa nguvu kisha likapita, na mtu akikosa sumu karibu katika saa ile anaweza kuwa hai asubuhi.

Kisha kaa na kijana. Huna haja ya kuvunja amri ya kaka mbele ya watu, mwite akusaidie kubeba kuni au kufuata maji. Mwambie unajua kwamba hakukosea chupa, halafu nyamaza, mwache aseme au asiseme. Jumatatu mpeleke kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa na umweleze muuguzi ukweli wote. Ametimiza miaka 18, anaweza kukubali matibabu mwenyewe bila sahihi ya baba yake. Anachohitaji kwako ni nauli na mtu wa kukaa naye kwenye benchi.