Mnakwenda San Francisco mwezi wa saba? Bebeni masweta

Dada uliyeanzisha uzi, nimesoma maswali yako na majibu ya wadau waliotangulia. Unasema unasafiri na mama mzazi na mwanao wa miaka tisa, wiki mbili za mwanzo wa Julai, mnafikia kwa kaka yako San Francisco. Umeshanunua magauni mepesi, kaptula za mtoto na ndala, na kuna waliokuambia usijitwishe makoti kwa kuwa Julai huko Marekani ni majira ya joto. Hao wanaisema New York au Texas. Mimi naishi Oakland, ng'ambo ya ghuba, na kazini kwangu ni San Francisco penyewe. Ukiwafuata hao, siku ya kwanza tu mtashinda madukani.

Mwezi wa saba mchana, mjini pale joto hufika nyuzi 19 au 20. Usiku linashuka hadi 12 au 13. Aliyewahi kulala Lushoto mwezi huohuo ameshaonja, ila aongeze upepo. Huo upepo ndio unaowaumbua wageni. Nyuzi 17 ukizisoma kwenye simu unaona si kitu, lakini simama gatini saa kumi na moja jioni uone. Pale Fisherman's Wharf, wanakojazana watalii, maduka yamepanga masweta yenye jina la mji mlangoni kabisa, na wanaoyanunua ni watu waliotoka hotelini na kaptula. Biashara hiyo haina msimu mbaya.

Sababu yake nitaieleza kidogo, maana ukiielewa utajipangia mwenyewe kila asubuhi. Bahari ya Pasifiki upande ule ni baridi mwaka mzima, nyuzi 11 hadi 15 hivi. Kuanzia miezi ya Aprili na Mei upepo wa kaskazini-magharibi huvuma kufuata pwani, ukayasukuma maji ya juu kwenda mbali na nchi kavu, na maji ya chini yenye ubaridi yakapanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo inapoa na kugeuka ukungu. Sasa huko bara, nyuma ya milima, liko bonde kubwa la mashamba, Central Valley, ambako Julai nyuzi 35 si habari. Hewa ya kule ikishapata moto inapanda juu, na hewa ya baharini inavutwa kwenda kujaza. Milima ya pwani inaizuia karibu kote, isipokuwa pale Golden Gate penye lile daraja jekundu. Hapo ndipo inapopenya, na ukungu wake. Kwa hiyo kadiri bara kunavyochemka, ndivyo mjini kunavyopoa. Mkisikia Sacramento, mji ulio ndani ya bonde hilo, leo kunaungua, chukueni majaketi.

Na mji wenyewe haupoi sawasawa. Mitaa ya Sunset na Richmond, inayotazama bahari kuu, inaweza kushinda na ukungu kutwa, lami imelowa na wala mvua haijanyesha. Saa hiyohiyo Mission, iliyokingwa na vilima vya Twin Peaks, jua linawaka. Panda treni ya BART uvuke ghuba hadi Walnut Creek, hata saa nzima haiishi, unakuta nyuzi 30 na watu wamebaki na singlendi. Ndiyo maana swali la maana la kumuuliza kaka yako ni anakaa mtaa gani.

Sasa begi. Vaeni nguo juu ya nguo: fulana ndani, sweta jepesi juu yake, nje jaketi la kuzuia upepo. Asubuhi mnatoka na zote tatu, saa saba mchana pengine mkabaki na moja, jioni zote zinarudi. Makoti mazito ya theluji msiyaguse, yatawajazia begi bure. Pita soko la Karume hapo Dar kabla ya safari, majaketi mepesi yenye zipu na kofia ya nyuma yapo tele kwenye mitumba, tena bei yake na ya kule havikaribiani. Mtoto atafutiwe mzula. Suruali ndefu na raba zenye soksi kwa kila mtu, maana mji ni wa vilima na mtatembea sana. Ndala ni za ndani. Magauni yako hayajapotea, beba mawili kwa siku mtakayokwenda upande wa joto.

Mama ndiye wa kumfikiria zaidi. Umesema ni mtu wa baibui. Basi ndani yake awe na fulana ya mikono mirefu na taiti ya pamba, na awe na jaketi pana litakaloingia juu ya baibui bila kumbana. Mtandio wa kuteleza hautatulia darajani hata kidogo, bora ushungi wa kitambaa cha fulana na pini zake. Khanga asiache, za kujitanda ndani ya nyumba. Na hapa wengi hawategemei: baridi ya ndani. Nyumba nyingi za zamani pale wenyewe hawaoni haja ya kuwasha hita mwezi wa saba, na mtu mzima aliyezoea Dar usiku atatetemeka. Soksi za kulalia, na mwambie kaka aandae blanketi zito mapema. Mafuta ya mgando pia, upepo ule unapasua midomo. Dawa zake za presha zikae kwenye begi la mkononi, kwenye boksi zake.

Jambo jingine la mama ni saa. Mtakuwa nyuma ya Dar kwa saa kumi. Jua linazama saa 2 na nusu usiku, Isha inapita saa 4, na Alfajiri haichelewi. Siku tatu za mwanzo msimpangie matembezi ya asubuhi.

Kaptula ya kuogelea ya mtoto ina kazi kwenye bwawa tu. Ufukwe wa Ocean Beach ni mrefu na mzuri kwa macho, lakini ule ubaridi unakaza viungo na mikondo yake inavuta watu kwenda ndani, watu wamekufa pale. Hata wenyeji wanaoteleza kwenye mawimbi huingia wamevaa nguo za mpira mwili mzima. Mtoto wa pwani anayejiamini majini ndiye wa kumshika mkono.

Mwavuli uacheni, mvua za kule ni za Novemba hadi Machi. Chaja za simu angalieni zimeandikwa 100-240V, mbebe na adapta ya pini mbili bapa. Pasi ya nyumbani haitapata moto, umeme wao ni volti 120. Utabiri wao wa hali ya hewa ni wa Farenihaiti: 60 ni kama 16 zetu, 70 ni 21, 80 ni 27. Mkikodi gari, msiache begi lolote likionekana mnaposhuka kupiga picha, vioo vinavunjwa mchana kweupe.

Kuna mdau kauliza kama ni bora kusogeza safari. Kama tiketi haijakatwa, Septemba na Oktoba ndiyo miezi yenye joto zaidi mjini, ukungu unapungua na anga linakuwa safi. Tatizo la miezi hiyo ni moshi wa mioto ya misituni. Septemba 9, 2020 anga lilikuwa la rangi ya chungwa mchana na taa zimewashwa. Kwa mwenye pumu ningebaki na Julai na sweta zake.

Ukishajua mtaa wa kaka yako uandike hapa. Kama ni Sunset, ongeza sweta moja kwa kila mtu.