Shabu ilinipa jina, kisha ikaniaibisha

Juzi dada mmoja wa Hola aliniandikia kuhusu shabu, lile jiwe la kutuliza tope la maji: "Mimi hutia shabu, maji yanatakata kabisa. Bado nichemshe?" Nilicheka, halafu moyo ukaniuma. Ni maneno yangu mwenyewe hayo.

Mei 2024, Mto Tana ulipofurika, vyoo vyetu vya shimo vilizolewa vyote. Maji yaliposhuka tulirudi kuchota palepale, ng'ombe wakinywa juu yetu, sisi tukifua chini. Fundi wa shabu nilikuwa mimi. Nilipita nyumba hadi nyumba: zungusha kipande ndooni, acha tope litue, mimina ya juu. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yakawa kama ya mvua! Wakaniita Mwalimu, na sitaficha, jina nililipenda.

Usiku mmoja mwanangu akaanza kuhara. Kufika alfajiri macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo nikiifinya hairudi. Tukamvusha kwa mtumbwi hadi kwenye zahanati. Kipindupindu. Muuguzi akauliza maji ya nyumbani nayasafisha kwa kitu gani. Nikajibu kwa majivuno: shabu. Akanitazama tu, akaendelea kutafuta mshipa.

Shabu hugandisha tope likazama, na baadhi ya vijidudu huzama nalo. Wanaobaki wanatosha kukulaza.

Mtoto alipona. Kitanda cha pili alilazwa shangazi yangu, naye akaniuliza polepole, "Mwanangu, si wewe uliyetufundisha?"

Basi dada, shabu tia, maana tope hula nguvu ya klorini, ile dawa ya maji. Yakishatua, chuja kwa leso safi iliyokunjwa, tia dawa ya maji kwa kipimo cha chupani, ungoje nusu saa. Huna dawa? Chemsha mpaka yatokote. Nasema tena, chemsha. Kisha yaweke kwenye mtungi wa mdomo mwembamba, umimine, kwa sababu kila kata inayozama ndooni inazama na vidole vya mtu, na hujui vimetoka wapi.

Na ninyi mnaojibu kwamba babu zetu waliunywa mto huu wakazeeka, waliozeeka ndio mnaowakumbuka. Waulizeni bibi zenu walizaa wangapi, wakabaki wangapi.

Shangazi siku hizi huchemsha. Kwangu huja kila Ijumaa, tunaongea, tunacheka, anakula vizuri tu. Maji huja nayo yake, kwenye chupa.