Vuguvugu linapopoa: ushauri kwa vijana wa Goma

LUCHA, vuguvugu letu la vijana wanaodai mabadiliko, ilipozaliwa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2012, haikuanza kwa kudai rais aondoke. Ilianza na kero ambazo kila mama wa mtaani angeweza kuzieleza bila kufundishwa na mtu: maji, kazi, barabara, usalama. Mji huu uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, na bado watu wa mitaa ya Ndosho na Majengo waliamka alfajiri kupanga bidoni (madumu) za njano mbele ya bomba ambalo huenda lisingetoa hata tone. Nilishiriki katika kudai maji miaka ile, na katika foleni zile hakuna aliyehitaji hotuba. Ulimsaidia mtu kubeba bidoni yake, ukamuuliza bomba lilitoa maji lini mara ya mwisho, na siku ya maandamano alikuja pamoja na jirani yake.

Ndiyo maana ushauri ninaoushikilia kuliko mwingine wowote ni huu: msiliache dai la mtaani, hata siku ambayo dai kubwa la taifa linawaita. Kuanzia mwaka 2015 nguvu zetu zilihamia kwenye katiba na kalenda ya uchaguzi. Wanaharakati wenzetu Fred Bauma na Yves Makwambala walikamatwa Kinshasa mwezi Machi mwaka huo, wakaachiwa Agosti 2016. Muhula wa Rais Joseph Kabila ulikwisha Desemba 2016, naye akabaki madarakani mpaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Dai lile lilikuwa la haki kabisa, na ningelidai tena leo. Lakini dai lenye tarehe hufikia tamati: Kabila alipokabidhi madaraka Januari 2019, wengi waliona kazi imekwisha, baadhi wakaingia katika siasa za vyama, na mama wa Ndosho, ambaye bado alikuwa na bidoni tupu, hakutuona tena kwenye foleni.

Kutokuwa na rais wa vuguvugu ni kinga nzuri, kwa sababu polisi hawawezi kumkamata mmoja wakadhani wamekata kichwa. Hata hivyo, mwenzetu Luc Nkulula alipofariki katika moto nyumbani kwake Juni 2018, tulijua ni mambo mangapi yanaweza kukaa katika kifua cha mtu mmoja. Andikeni maamuzi, michango na majina ya mawakili, na nakala ikae kwa zaidi ya mtu mmoja.

Pangeni pia zamu za chakula kabla ya mtu kukamatwa. Gerezani kwetu mfungwa asiye na ndugu wa kumletea hulala njaa, na nimeona mzazi aliyepeleka bugali na sombe (majani ya muhogo) peke yake kwa wiki nzima akimkataza mwanawe asirudi tena kwenye vuguvugu. Mzazi huyo hapaswi kulaumiwa.

Hali ya dharura iliyotangazwa Mei 2021 ilikuwa imeshayabana maandamano, na tangu waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025, baadhi ya wenzetu wako uhamishoni. Aliye Kampala au Nairobi ana kazi ya kupaza sauti kwa jina lake mwenyewe, kutafuta mawakili na kutunza kumbukumbu. Asimwombe aliyebaki hapa mjini, mtaani Katindo kwa mfano, ampigie picha wala amrekodie sauti, na akiletewa habari, aondoe kwanza kila kitu kinachoweza kuonyesha imetoka katika nyumba ya nani.