Figo hutumia oksijeni kwa kazi gani hasa?

Tangu nianze kumuuguza mama yangu, ambaye ana ugonjwa wa figo, nimeona kwamba ushauri mwingi tunaopeana unatokana na dhana kuwa kazi inayozichosha figo ni kutoa taka. Kuchuja damu kwenyewe hakuzigharimu figo nguvu nyingi, kwa sababu msukumo unaopitisha maji, chumvi na yurea (taka itokanayo na protini) kwenye chujio hutoka kwenye moyo. Gharama iko katika kurudisha. Kila siku figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji, ilhali mkojo unaotoka kwa kawaida ni lita 1 hadi 2 tu. Yanayobaki hurejeshwa kwenye damu, na kazi ya kuirejesha sodiamu, inayofanywa na pampu ndogo mno zilizo kwenye seli za vijifereji vya figo, ndiyo inayokula sehemu kubwa ya oksijeni.

Figo zote mbili hazifikii asilimia 1 ya uzito wa mwili, lakini hupokea takriban moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, hata mtu akadhani kwamba haziwezi kupungukiwa. Damu hiyo, hata hivyo, huenda zaidi kwenye tabaka la nje. Tabaka la ndani, ambako nako chumvi hurudishwa kwa nguvu nyingi, hupata damu kidogo, na oksijeni yake ni haba hata kwa mtu mwenye afya njema.

Mama alipoharisha huku akiendelea kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti, mkojo wake ulipungua na kuwa wa kahawia, na kipimo cha kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo hupanda figo zinapozidiwa, kikapanda. Daktari alitueleza kwamba dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwamo, huzuia kemikali zinazotanua mishipa midogo ndani ya figo, na hivyo hupunguza damu inayofika kwenye figo wakati ambapo mwili umekwisha kupungukiwa maji.

Kwa hiyo nawasihi wanaouguza wagonjwa: mtu akiharisha au kutapika, asimeze dawa hizo za maumivu, na arudishiwe maji na chumvi mapema, kwa kiasi alichoelekezwa na daktari ikiwa figo zake ni dhaifu. Kuhusu dawa za presha, msiziache kwa uamuzi wenu wenyewe. Wasilianeni na kliniki siku hiyo hiyo, bila kungoja tarehe ya miadi.