Usimuulize Mwairishi kama anajivunia Uairishi wake

Siku niliyokula kiapo cha uraia wa Ireland, kule Killarney, mamangu alinipigia simu kutoka Likoni nikiwa bado kwenye maegesho ya magari, nimevaa kitenge na viatu vinavyonibana. Alianza kwa vigelegele. Kisha akauliza, "Haya mwanangu, sasa u mzungu?" Nikacheka. Akauliza la pili: "Na wajivunia?" Hapo nikababaika, nikamwambia mtandao unakatika.

Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Ukumbini tulikaa mamia kwa mamia, jaji akatuongoza kutamka kwamba tutakuwa waaminifu kwa taifa la Ireland na watiifu kwa dola yake, ukapigwa wimbo wa taifa, na Mfilipino aliyekaa kushoto kwangu akalia kwikwi. Mimi nilikuwa nikiwaza euro 950 nilizolipia cheti, juu ya zile 175 za maombi. Fahari niliitafuta kifuani kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba, sikuipata.

Sasa kila mara naulizwa na Waswahili wenzangu wanaohesabu siku zao za ukaaji: je, ni lazima nijisikie fahari? Wenyewe wanajivunia? Mimi ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Ennis, kaunti ya Clare, na nchi hii nimekaa tangu 2012. Nitawaambia niliyoyaona, na mengi niliyaona baada ya kukosea.

Kosa la kwanza, niliwauliza. Tulikuwa kwenye chai ya saa nne, wafanyakazi sita, mimi pekee ndiye mgeni. Nikasema, kwa nia njema kabisa, "Hivi mnajivunia kuwa Waairishi?" Wakatazamana kama nimewauliza mishahara yao. Mmoja akasema, "Kwani tulipewa nafasi ya kuchagua?" Wakacheka, wakaanza kuilalamikia nchi: mvua, kodi ya nyumba, foleni za hospitali, barabara, mawaziri. Nikatoka pale nikiamini kwamba hawa watu hawaipendi nchi yao hata kidogo.

Ilinichukua muda kuelewa neno lao moja, "notions". Kwa Kiswahili chetu ni maringo, kujishaua, kujitia. Mtu akinunua kahawa ya bei, akajenga nyumba yenye nguzo mbele, au akasema anajivunia jambo fulani, ataambiwa ana "notions". Kwao hilo ni doa kubwa. Ukisifu gauni la mwanamke wa Clare atakwambia alilinunua bei ya chini kwenye punguzo, tena lina doa kwapani. Sasa mtu wa namna hiyo utamtoa wapi aseme mbele ya watu kwamba anajivunia taifa lake? Wanaolisema kwa sauti ni wajukuu zao walioko Boston na Chicago, na tarehe 17 Machi utawaona na kofia za kijani. Hata huyo mtakatifu Patrick wanayemsherehekea hakuwa Mwairishi. Alitoka Uingereza ya enzi za Warumi, akaletwa huku mtumwa akiwa kijana. Hilo nimelitumia mara mbili tatu kuwanyamazisha watu wanaouliza wageni wamefuata nini.

Basi usiulize. Tazama wanapokasirika.

Hilo nalo nilijifunza kwa kosa. Mwaka wangu wa kwanza, nikimsifia bibi mmoja mgonjwa wangu, nilisema "huku kwenu Uingereza". Yule bibi alikuwa mpole, mwenye rozari mkononi kutwa. Aliweka kijiko chini. Hakunitukana, alinisomesha. Aliniambia babu yake alizaliwa na watu walioiona njaa, na kwamba nikitembea kuelekea Kilrush nitapita mashamba yenye kuta za nyumba ambazo watu walifukuzwa. Baadaye nikasoma mwenyewe. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Ugonjwa wa ukungu uliozesha viazi, chakula pekee cha maskini, huku nafaka na mifugo vikiendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Kaunti hii ya Clare ilikuwa na watu zaidi ya 280,000 mwaka 1841. Sensa ya 2022 ilihesabu kama 128,000. Soma tena nambari hizo. Ni karibu miaka mia mbili na watu bado hawajafika nusu ya waliokuwepo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mdogo lakini utakuokoa: usiwaite Waingereza hata kwa utani, na ukienda Ireland ya Kaskazini, ile sehemu ya kisiwa iliyo bado chini ya Uingereza, Belfast au Derry, usimwambie mtu yeye ni nani. Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa 1998 unampa mzaliwa wa kule haki ya kujitambulisha kuwa Mwairishi, Mwingereza, au vyote viwili. Mwache aseme mwenyewe.

Fahari yao nyingine niliikuta chumba namba saba. Mle aliishi mzee mmoja aliyekuwa askari. Siku ya kwanza nilipomwekea dawa alinitazama, akauliza natoka wapi, nilipomwambia Kenya akasema, "Jambo. Maji moto. Pole pole." Nusura nidondoshe sinia. Kumbe alikuwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na jeshi la Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na maneno hayo aliyaokota kwa mafundi na wachuuzi wa Katanga, jimbo la Kongo lililokuwa limejitenga.

Yeye ndiye aliyenihadithia Jadotville, mji ambao sasa unaitwa Likasi. Septemba 1961 kikosi cha Waairishi wapatao 150, wengi wao vijana ambao hawajawahi kupigana, kilizingirwa na maelfu ya wapiganaji wa Katanga na mamluki wa Kizungu. Walipigana siku kadhaa, risasi na maji vikawaishia, kamanda wao Pat Quinlan akasalimu amri. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Ungedhani wangepokewa nyumbani kwa ngoma. Wapi! Walionekana wametia aibu jeshi kwa kuinua mikono, wakarudi kimya kimya, na hadithi yao ikafukiwa miaka na miaka. Quinlan alifariki 1997 bila kuona heshima yoyote. Kikosi kilitambuliwa rasmi 2016, medali zikatolewa 2017, wengi wakiwa wameshazikwa.

Nilimuuliza yule mzee (sikuwa nimejifunza bado!) kama alijivunia zilipotolewa. Akaangalia dirishani. "Niliona haya," akasema. "Haya kwa ajili yetu, kwamba tuliwaacha wangoje."

Jibu hilo nililibeba nyumbani. Tangu hapo naamini mtu hawezi kuona haya kwa niaba ya nchi isiyo yake. Mimi Kenya hunitia haya kila wiki, na ndiyo maana najua ni kwangu. Waairishi nao wana mambo yao ambayo wakiyataja sauti hushuka: nyumba za kufulia nguo za Magdalene, ambako wasichana walifungiwa na kufanyishwa kazi bila malipo, ya mwisho ikafungwa 1996, na serikali ikaomba radhi 2013; au Tuam, kaunti ya Galway, ambako watoto 796 walifia katika nyumba iliyoendeshwa na watawa, na hapakuwa na kumbukumbu za maziko yao. Wafanyakazi wenzangu wenye shangazi waliopitia huko wapo. Wanapoanza kuzungumza, mimi hujaza birika tu. Mgeni usichangie kwa kuilaani nchi, hata kama unakubaliana na kila neno. Mama wa mtu humsema mwanawe, jirani akidakia anakuwa adui.

Niliporudi kazini baada ya kiapo, nilimpelekea mzee keki. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, uso mkavu kabisa, akatamka maneno ambayo hapa husemwa kwenye matanga: "Pole sana kwa msiba wako." Alicheka mpaka kikohozi kikampata. Ni ukaribisho mzuri kuliko hotuba zote za Killarney.

Sasa watoto, maana hapa ndipo penye maumivu. Kijana wangu alizaliwa Limerick mwaka wangu wa pili nchini, na hakuwa Mwairishi. Wengi wetu hatulijui hili mpaka litukute. Zamani kila aliyezaliwa katika kisiwa hiki alikuwa raia. Juni 2004 wakapiga kura ya maoni, karibu asilimia 79 wakakubali kuondoa haki hiyo, na tangu 2005 mtoto wa wazazi wa kigeni hupata uraia wa kuzaliwa ikiwa mzazi mmoja amekaa kihalali miaka mitatu kati ya minne iliyotangulia. Mimi sikuwa nimefikisha. Alingoja hadi nilipopata wangu ndipo nikamwombea. Hivyo mtoto mwenye lafudhi ya Clare, anayesoma Kiairishi shuleni na kunisahihisha matamshi ya majina ya majirani, alikuwa na pasipoti ya Kenya, nchi aliyoiona mara mbili.

Anaulizwa anatoka wapi. Anajibu, "Ennis." Anaulizwa tena, "Hapana, kwenu hasa?" Zamani nilikuwa namfundisha ajibu, "Mimi ni Mwairishi mwenye asili ya Kenya." Niliacha. Sentensi ndefu hivyo hujibiwa na mtu anayejitetea. Siku hizi namwambia ataje kaunti tu, kwa sababu hata wenyewe hufanya hivyo. Ukimuuliza Mwairishi kwao ni wapi hakwambii Ireland, anakwambia Mayo, Kerry, Tipperary, na akikwambia kijiji basi amekupenda. Uairishi ni neno la safarini na la pasipoti. Nyumbani watu wana kaunti.

Sitadanganya kwamba kaunti inamkinga na kila kitu. Novemba 2023 tulitazama Dublin ikichomwa kwenye televisheni, mabasi yakiteketea kwa hasira dhidi ya wageni, na kijana akaniuliza kama Ennis ni mbali na Dublin. Bendera ya kijani, nyeupe na rangi ya machungwa, ambayo ile nyeupe katikati imewekwa kuwa amani baina ya pande mbili, Wakatoliki na Waprotestanti, siku hizi nikiiona imefungwa kwenye nguzo ya umeme huwa natazama kwanza ni nani kaifunga. Lakini Agosti 2024 kijana huyo huyo alinikataza nisipike chapati mpaka fainali ya mita 400 ya Paris iishe, Rhasidat Adeleke alipokuwa anaikimbilia Ireland. Amezaliwa Dublin, wazazi wake ni Wanigeria. Alimaliza wa nne na nyumba yetu ikanuna hadi usiku.

Yaliyobaki ni ya karatasi, nitayapitia haraka. Wengi wanahitaji ukaaji wa miaka mitano ndani ya tisa, na ule mwaka wa mwisho uwe mfululizo, kwa hiyo angalieni safari ndefu za Krismasi. Ireland inakubali uraia pacha, na Kenya nayo tangu katiba ya 2010. Ndugu zangu Watanzania, kwenu mtu mzima akichukua uraia mwingine anapoteza wake. Kaeni na familia mlijadili kabla hamjalipa hata senti. Na usiingize suala la fahari kwenye hesabu hiyo. Kama unachukua pasipoti kwa sababu umechoka kuomba viza, hiyo ni sababu safi, wala huhitaji kujilazimisha machozi ukumbini.

Ukitaka kuwa na kitu cha kupenda, tafuta kidogo kilicho karibu. Mimi nilikipata uwanjani bila kukitafuta. Kijana anacheza hurling, ule mchezo wa fimbo za mti wa mfraksi na kampira kagumu kanakopaa juu ya vichwa vya watoto mpaka mama mtu unataka kuzimia. Wachezaji hawalipwi, hata wale wakubwa wanaojaza watu 82,000 katika uwanja wa Croke Park, Dublin. Jumapili anabeba kombe, Jumatatu anafundisha hesabu. Miaka miwili nilikuwa nakaa garini nikisikiliza taarabu. Mwaka wa tatu wakanipa kazi ya kukata machungwa. Mwaka wa nne nilimfokea mwamuzi.

Tarehe 21 Julai 2024 Clare waliingia fainali ya nchi nzima dhidi ya Cork. Tuliitazamia kazini, wazee wamepangwa kwa viti vyao, mzee wa chumba namba saba amefungwa skafu ya njano na buluu juu ya pajama. Dakika tisini na ushei, muda wa nyongeza na vyote, na goli la Tony Kelly lililomfanya bibi wa rozari aite jina la Yesu kwa namna isiyo ya sala. Ukikokotoa, maana goli moja ni pointi tatu, ilikuwa 38 kwa 37.

Asubuhi mamangu akapiga simu. Sauti yangu ilikuwa imekauka, inatoka kama ya chura.

"Una nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Tumewafunga Cork kwa pointi moja."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia feri ya Likoni inapiga honi nyuma yake.

"Tumewafunga?" akasema. "Nyinyi kina nani?"