Leicester kuna Kiswahili, ila sikilizeni ni Kiswahili gani

Hassani mdogo wangu, umeandika eti umeambiwa huku Leicester, Uingereza, hata Kiingereza si lazima, Wahindi wenyewe wanaongea Kiswahili, kwahiyo mama auze shamba la Muheza upate nauli. Aliyekwambia kakupa nusu ya habari, hiyo nusu nyingine ndo iliyoniumiza mimi.

Mchanganyiko upo kweli. Mji wa watu kama 368,000 kwa sensa ya 2021, wanne kati ya kumi wamezaliwa nje ya Uingereza, mtaa wa Belgrave Road Kigujarati kinakupokea kabla ya Kiingereza, Wasomali nao wapo wengi tu. Na hao Wahindi wengi walipita kwetu kwanza, Kenya, Uganda, Tanzania. Idi Amin alipowafukuza wale wa Uganda 1972 halmashauri ya huku ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije Leicester, wakaja hivyohivyo.

Sasa 2019 naingia kiwanda kidogo cha kushona nguo, mzee wa Kihindi mwenye mali ananiambia "habari ya nyumbani", nusura nilie kwa furaha, nikajiona nimefika kwa ndugu. Wiki haijaisha nikagundua Kiswahili chake chote ni amri tupu, lete, upesi, fagia hapa, wewe boi, kile walichokuwa wanasemea na mpishi wao zamani. Mimi baba wa watoto wawili naitwa boi, kwa lugha ya mama yangu, Ulaya! Kima cha chini kilikuwa pauni 8.21 kwa saa, mimi napewa 5 mkononi, karatasi zangu hazijakaa sawa na yeye anajua, nikashtaki wapi? Nikakaa miezi saba.

Ila wote siyo hivyo, nisiwasingizie watu. Nilipougua, bibi mmoja Mgujarati mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kitamu kunishinda mimi, aliniletea uji siku nne mfululizo na ananiita mwanangu.

Hassani usije. Ukija, njoo na viza ya kazi mkononi, pasipoti yako asikushikie mtu, na Kiingereza anza kujifunza leo, mimi haki yangu nilishindwa hata kuiulizia. Unaweza ukafanikiwa kuliko mimi, sikatai, una akili. Lakini mama, shamba usiuze. Ile laki na nusu niliyokuwa natuma kila mwezi mwaka ule ilikuwa hela yangu ya kula, sikuwaambia, nisameheni. Sasa hivi nina kazi ya halali, ada ya Hassani ya chuo cha ufundi VETA nitalipa mimi.